Binti yangu wa miaka 6 ameniuliza kama bibi yake bado ni bibi. Nimjibu vipi?

Dereva wa Subira (Jumapili, saa 3:15 usiku)

Assalaam aleikum wenzangu. Nawaomba mnisome mpaka mwisho, maana jambo hili lilianza na jino na sasa limefika kwa mamangu mzazi.

Naendesha tuktuk hapa kisiwani Mombasa, huu mwaka wa nane. Kila asubuhi kabla sijaanza kutafuta abiria humpeleka binti yangu shule, yuko gredi ya kwanza. Hukaa nyuma pembe ya kushoto, mkoba mapajani, na mwendo wetu kutoka Majengo ndio wakati wake wa maswali. Nyumbani ni mtoto wa michezo tu. Ndani ya tuktuk ndiko anakouliza mambo.

Wiki tatu nyuma aling'oka jino la mbele, tukalirusha juu ya paa. Kesho yake njiani: "Baba, lile jino lilikuwa ni mimi?" Nikamwambia lilikuwa lako. Akasema, "Najua lilikuwa langu. Nauliza, lilikuwa ni mimi?" Nikamjibu hapana, wewe ni huyo uliyekaa hapo nyuma. Kimya mpaka Mwembe Tayari. Kisha: "Na mkono je? Na mguu?" Akaendelea hivyo, kiungo baada ya kiungo, mpaka tukafika lango la shule kimebaki kichwa.

Siku chache baadaye ikaja zamu ya Subira. Subira ndiyo tuktuk yangu, jina nimeliandika kwa mkono wangu juu ya kioo. Niliinunua imeshatumika, ya kijani. Tangu hapo nimebadilisha injini, viti vyote, kioo cha mbele, taa, shoksi, turubai mara tatu, matairi hata hesabu sina, na mwaka jana nikaipaka rangi ya samawati. Fundi wangu hatupi kitu. Vipuri vyangu vya zamani vingi viko nyuma ya kibanda chake, na binti yangu keshaviona. Basi akaniuliza: "Fundi akizikusanya zile za zamani zote akaunda tuktuk, Subira itakuwa ipi?" Wallahi nilisimama kando ya barabara. Nikamwambia Subira ni hii tunayoipanda. Akanijibu, "Lakini ile ndiyo uliyoinunua."

Mpaka hapo nilikuwa na furaha. Kosa nililifanya Ijumaa. Alikuwa anaangalia picha yake ya miezi minne, mamangu amempakata barazani. Akasema, "Huyu si mimi. Simkumbuki." Nilikuwa nimetoka kazini nimechoka, nikataka kumpa jibu moja lililosimama imara. Nikamwambia: meno hung'oka, mwili hubadilika, lakini mtu ni yale anayoyakumbuka. Wakati ule kumbukumbu zako zilikuwa bado hazijaanza, ndiyo sababu unajiona kama si wewe.

Akafikiri, kisha akasema, "Kwa hivyo bibi ameondoka."

Mamangu ana ugonjwa wa kusahau, sasa mwaka wa tatu. Nyuso zetu hazijui tena vizuri. Yeye humwita binti yangu kwa jina la dada yake mwenyewe aliyefariki zamani. Mamangu huyu alikuwa akipika mahamri ya kuuza, na hamri la kwanza kutoka mafutani lilikuwa la mjukuu wake huyu, hata wateja wawe wamepanga foleni. Wawili hawa walikuwa kitu kimoja. Sasa tangu Ijumaa binti yangu haingii chumbani kwake. Chai alikuwa akimpelekea yeye kila jioni, siku hizi anaiweka chini mlangoni na kurudi. Nimemuuliza kama anaogopa. Akasema haogopi, ila "sitaki kumsumbua mgeni."

Ni mimi niliyemfundisha neno lile. Mimi nimeishia fomu four, sikusomea mambo haya. Nauliza wanaojua: wakubwa wa elimu wamejibu vipi swali la mtu kubaki yuleyule? Na mtoto wa miaka sita anaelezwaje? Sitafuti la kumnyamazisha. Natafuta la kweli, lakini lenye uzito anaoweza kuubeba.

---

Mwalimu wa Kisauni (Jumapili, saa 4:02 usiku)

Waaleikum salaam baba. Nafundisha PP2, watoto wa miaka minne na mitano, na swali la binti yako nalijua kwa sura nyingine.

Mwaka 1969 mtafiti wa Marekani aitwaye Rheta DeVries alichapisha utafiti wake wa watoto wa miaka mitatu mpaka sita. Aliwaonyesha paka mpole aitwaye Maynard, wakamshika, wakamzoea. Kisha akamvisha paka yule kinyago cha mbwa mkali. Wengi wa miaka mitatu walisema sasa ni mbwa. Wa miaka sita wakasema hapana, ni paka amevaa uso wa mbwa. Mimi mwenyewe niliwahi kujifunika nikabu mbele ya darasa langu ili tucheze "huyu ni nani". Mmoja wa miaka minne alilia kwa uchungu, akaniomba nimrudishie mwalimu wake. Sikurudia tena.

Nakwambia haya ili ujue binti yako yuko wapi. Hatua ya kinyago ameshaivuka. Anajua kuna kitu chini ya sura, na anakitafuta ni kipi. Wewe ukampa kimoja, akakishika kwa mikono miwili, kwa sababu kilitoka kwa babake.

Ushauri wangu: usimwambie "nilikosea" halafu ukampa kingine mahali pake. Mpe swali. Muulize: "Mimi nikigonga kichwa leo nikasahau jina lako, kesho ni nani atakupeleka shule?" Halafu nyamaza. Endesha tu. Watoto hufikiri vizuri mzazi anapoangalia barabara.

---

Mzee wa Makadara (Jumapili, saa 4:30 usiku)

Mwanangu, mtoto wa miaka sita aambiwe bibi ni bibi, basi. Sisi tulilelewa hivyo na tukawaheshimu wazee wetu bila kupimapima nani ni nani. Maswali haya yana umri wake.

Dereva wa Subira

Nashukuru mzee wangu, na heshima yako naitambua. Nilimwambia hivyohivyo Jumamosi. Akaniuliza nimejuaje. Sikuwa na la kumwambia, na aliliona usoni pangu.

---

Msomi wa Tudor (Jumatatu, saa 12:20 asubuhi)

Kaka, falsafa niliisomea chuo kikuu miaka minne, na sijawahi kuona mtu akipita njia ile yote kwa wiki tatu kama binti yako.

Swali la Subira ni la zamani mno. Plutarch, Mgiriki aliyeandika takriban miaka 1,900 iliyopita, anasimulia jahazi la shujaa Theseus, la makasia thelathini, ambalo watu wa Athene walilihifadhi. Ubao ukioza wanatoa, wanagongomea mpya. Wanafalsafa wakagawanyika: hawa wanasema ni jahazi lilelile, hawa wanasema si lilo. Kisha mwaka 1655 Mwingereza Thomas Hobbes akaongeza kigingi: je, mtu akiziokota mbao za zamani akaziunga upya kwa mpangilio uleule? Jahazi la Theseus lipi sasa? Hicho ndicho kibanda cha fundi wako. Hobbes alikuwa mtu mzima alipouliza.

Na lile jibu ulilompa Ijumaa pia si la mitaani. Ni la John Locke, mwaka 1694: mtu ni yuleyule mpaka pale fahamu yake inapoweza kurudi nyuma na kuyashika aliyoyatenda. Hukukosea kizembe, ulifika mahali ambapo wengi walifika. Lakini lina tundu, na tundu hilo alilionyesha Thomas Reid wa Scotland mwaka 1785. Chukua mtoto aliyechapwa shuleni kwa kuiba matunda shambani. Akakua, akawa afisa kijana aliyenyakua bendera ya adui vitani. Akazeeka, akawa jenerali. Afisa anakumbuka kuchapwa. Jenerali anakumbuka bendera, lakini kuchapwa kumemtoka kabisa. Kwa kipimo cha Locke, jenerali ni yule afisa, na afisa ni yule mtoto, lakini jenerali si yule mtoto. Haiwezekani. Baadhi ya wanaomtetea Locke wakasema basi tuhesabu mnyororo: leo inashikana na jana, jana na juzi, na haidhuru kama pete ya mwisho haiioni ya kwanza. Hili mtoto analielewa ukimpa kamba ya ukili. Hakuna unyasi hata mmoja unaotoka mwanzo wa ukili mpaka mwisho wake, na bado ni ukili mmoja.

Lakini kaka, lililonikosesha usingizi ni jambo ulilolisema kwa kupita. Mama anamwita mjukuu kwa jina la dadake. Wewe umelisoma kama dalili ya kusahau. Hebu lisome tena. Hiyo ni kumbukumbu. Kumbukumbu ya msichana mdogo ndani ya nyumba yao, ya miaka sitini au zaidi, na bado imo, inafanya kazi, inatafuta mahali pa kukaa na imempata binti yako. Hata kwa kipimo cha Locke mwenyewe, aliye chumbani humo ni yule aliyekuwa na dada. Mgeni hawezi kulijua jina lile.

Dereva wa Subira

Nimeisoma mara tatu kabla ya kuwasha Subira. Sina la kuongeza kwa sasa.

---

Wa Meno, Changamwe (Jumatatu, saa 7:45 mchana)

Nitaingia kwenye jino tu, ndiyo kazi yangu.

Ngozi ya juu ya binti yako hubadilika yote kwa muda wa kama mwezi. Chembe nyekundu za damu huishi kama siku 120. Lakini ile gamba nyeupe ngumu ya jino haijitengenezi upya. Ikishafanyika imefanyika. Na meno ya mbele ya utotoni huanza kujengwa mtoto akiwa bado tumboni. Ukilikata jino la namna hiyo ukalitazama kwa hadubini, utakuta mstari mwembamba unaoonyesha siku aliyozaliwa: huku kilichojengwa ndani ya mama, huku kilichojengwa duniani.

Maana yake ni hii. Katika ile picha ya miezi minne, jino mlilolirusha juu ya paa lilikuwa tayari limo, limejificha ndani ya ufizi. Yeye hamkumbuki mtoto yule, lakini alitembea na jino lake kinywani mpaka wiki tatu zilizopita. Mpe picha, mwambie aangalie mdomo.

---

Ustadh wa Kibokoni (Jumatatu, saa 11 jioni)

Allah amshushie mama afueni. Nina moja la kuongeza, kutoka kwa Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa, aliyefariki mwaka 1037.

Alisema: mfikirie mtu aliyeumbwa mara moja, mzima, akiwa ananing'inia hewani. Macho yamefunikwa, haoni. Hasikii. Viungo vimetengana, hata kidole hakigusi kidole. Hajawahi kujua kitu chochote na hana la kukumbuka, kwa sababu ndiyo kwanza ameumbwa. Je, mtu huyo atajua kwamba yupo? Ibn Sina akasema atajua. Hatajua kama ana mkono wala moyo, lakini hatakuwa na shaka kwamba yeye yupo.

Tazama basi, kumbukumbu haikuwa na nafasi hapo. "Mimi" imetangulia. Chuoni kwangu huwaambia watoto wafumbe macho, wazibe masikio, kisha wasijiambie chochote. Baadaye nawauliza: nani alikuwa pale? Wote huinua mkono. Mama yako naye, ukimwita, anageuka.

---

Muuguzi wa Likoni (Jumatatu, saa 2:50 usiku)

Kaka yangu, mimi ni muuguzi, na babangu mwenyewe alikwenda kwa ugonjwa huu, kwa hivyo nazungumza kwa pande zote mbili.

Kumbukumbu si ghala moja linalofungwa kwa kufuli moja. Ugonjwa huu kwa kawaida huanza kula mambo mapya: nani aliingia asubuhi, tumekula nini. Ya utotoni hukaa zaidi. Na yaliyomo mikononi, kazi ambazo mtu amezifanya maelfu ya mara, mara nyingi hukaa baada ya majina kuondoka. Babangu alikuwa mvuvi. Jina langu lilimpotea mapema, lakini ukimpa uzi na kipande cha wavu kilichochanika, vidole vilijua. Alikuwa akishona, akikaza fundo kwa meno, na akikuta kazi mbovu ya mtu mwingine alikasirika kama zamani. Hasira ile ilikuwa ya kwake kabisa. Nilifurahi kuiona.

Basi mambo matatu, na nakuomba uyashike. Mtoto asimuulize bibi "unanijua?" Huo ni mtihani, na bibi akishindwa wote wawili wanaumia. Asimsahihishe jina. Na usiwaweke uso kwa uso wakae kutafuta mazungumzo, waweke bega kwa bega na kazi katikati. Wewe umesema mama alikuwa akipika mahamri. Mafuta ya moto awe nayo mkeo. Unga mpe mama.

---

Dereva wa Subira (Jumapili iliyofuata, saa 1:10 usiku)

Nimerudi, wenzangu, na nitaeleza kwa utaratibu kwa sababu kila mmoja ana sehemu yake.

Jumanne njiani nilimuuliza swali la mwalimu, kwamba mimi nikisahau jina lake nani atampeleka shule. Nikanyamaza, nikaangalia barabara. Tumefika karibu na lango ndipo akasema, "Wewe. Lakini itabidi nikuonyeshe njia." Akashuka, akaenda zake. Siku ile nilibeba abiria mpaka usiku na maneno yale masikioni.

Jumatano nikampa picha na habari ya jino. Aliisogeza karibu na taa, akaitazama sana. Akaingiza kidole kwenye pengo lake, akagusa mdomo wa yule mtoto kwenye picha, akarudi kwenye pengo. Akauliza, "Anajua kama limo?" Nikamwambia hajui. Akasema, "Mimi najua." Picha ile sasa iko chini ya mto wake. La Ibn Sina tulilifanya Alhamisi kwa kufumba macho, lakini mdogo wake alikuwa akimtekenya, kwa hivyo ustadh tutalirudia siku nyumba imetulia.

Jumamosi mke wangu alikanda unga wa mahamri kama mamangu alivyomfundisha, tui zito na iliki ya kutwanga. Tukatandika mkeka barazani, ubao wa kusukumia mbele ya mamangu. Sikumwita binti yangu. Alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni nusu ndani nusu nje.

Mamangu aliutazama ule unga kwa muda, nikaanza kupoteza tamaa. Kisha akaubonyeza kwa kidole gumba, akatikisa kichwa, akasema bado haujaumuka vizuri. Kweli ulikuwa bado. Tukangoja. Ulipokuwa tayari alikata madonge, akasukuma, akakata robo nne kwa mkono mmoja bila kuangalia, na unga ukimnatia akawa anapapasa pembeni, mahali ambapo zamani bakuli la unga mkavu lilikuwa likikaa. Halikuwepo. Akainua uso mlangoni, akamwita binti yangu kwa jina la dadake, alete unga.

Nilitaka kusema kitu, nikakumbuka ya muuguzi, nikafunga mdomo.

Binti yangu akaitika, "Labeka." Akaenda jikoni, akarudi na bakuli, akaliweka palepale mkono ulipokuwa ukipapasa. Akakaa. Bega kwa bega, kama ulivyosema dada yangu. Walifanya kazi karibu saa nzima. Kuna wakati nilimsikia akimuuliza, "Na dadako alikuwa akikusaidia?" Mamangu akamjibu, "Mvivu yule. Alikuwa akila unga mbichi." Binti yangu akacheka mpaka pengo likaonekana.

Mke wangu alipotoa mahamri ya kwanza, akamletea mamangu sahani. Mamangu alichagua moja, akalipuliza, akalipuliza tena, akaligusisha shavuni mwake kupima moto. Kisha akampa mjukuu.

Jana jioni chai iliingia mpaka ndani ya chumba. Leo asubuhi njiani kwenda sokoni nilimuuliza kama bado anamwona bibi ni mgeni. Akasema hapana. Nikamuuliza amejuaje, kama alivyoniuliza yeye. Akafikiri mpaka tukapita Marikiti, akasema, "Alilipuliza mara mbili."

La Subira anasema bado hajaamua. Nimemwomba fundi asiviuze vile vipuri vya zamani kwanza.